Ina Nguvu Kuliko Nini?

Kikuku cha fedha kikifungiwa sandukuni kwa mwaka mzima hutoka kimekuwa cheusi, na sonara wa Lamu au wa Unguja hahitaji kitabu kujua kwamba weusi huo si kutu ya kawaida. Ni ngozi nyembamba ya salfaidi ya fedha. Metali imekamatana na salfa iliyomo hewani, ile ambayo Kiswahili kiliiita kiberiti kabla jina hilo halijahamia kwenye njiti za kuwashia moto. Fedha hiyohiyo imekaa siku zote katikati ya oksijeni, ambayo ni karibu sehemu ya tano ya hewa yote, na oksijeni haikuacha alama inayoonekana. Salfa, ambayo hewani ni ya kutafuta kwa tochi, ndiyo iliyoushika uso wa metali. Anayetaka kujua sababu atafungua jedwali la joto la misombo, na humo atakutana na tarakimu mbili zisizomsaidia hata kidogo. Moli moja ya salfaidi ya fedha, ikiundwa kutokana na fedha tupu na salfa tupu, hutoa joto la kilojuli 32.6. Moli moja ya oksaidi ya fedha, ikiundwa kutokana na fedha na oksijeni, hutoa kilojuli 31.1. Tofauti ni kilojuli moja na nusu, kiasi ambacho si haki kukitangaza kuwa ushindi. Jedwali linasema sare, lakini kikuku ni cheusi.

Nataka kutetea jambo moja kuhusu jedwali hilo. Kalorimita, chombo kinachopima joto la mmenyuko, haijawahi kupima kifungo hata kimoja kati ya metali na salfa. Inachopima ni tofauti, yaani joto linaloingia au kutoka pale vitu vinapohama kutoka hali moja kwenda nyingine. Namba tunayoiita nguvu ya kifungo hupatikana baadaye, mezani, kwa kujumlisha na kutoa, na thamani yake inategemea tulianzia wapi kuhesabu. Wapo wanaoiona hali hiyo kuwa dosari ya kusitiriwa. Mimi naiona kuwa jambo la thamani kuliko yote ambayo fani hii inayo, kwa sababu inatulazimisha kuuliza swali ambalo mazungumzo ya kawaida huliruka: kifungo hiki kina nguvu kuliko nini?

Msingi wa upimaji huu ni wa zamani. Katika majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, jijini Paris, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walizungushia barafu chumba kidogo, wakaweka ndani yake mkaa unaowaka, na mara nyingine simbilisi aliye hai, kisha wakapima maji yaliyochuruzika. Joto halishikiki, lakini maji yana uzito. Mwaka 1840 Germain Hess, aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, akatoa kanuni ambayo bila yake wapimaji wangekwama: joto la mmenyuko hutegemea mwanzo wake na mwisho wake, njia iliyopitwa haihusiki. Mwenye duka analielewa hili bila kufundishwa. Aliyeondoka nyumbani na shilingi laki moja na kurudi na elfu themanini amepungukiwa elfu ishirini, hata kama njiani alikopa, akalipa, akanunua na kuuza mara kumi. Ndiyo maana mmenyuko usiopimika moja kwa moja unaweza kuzungukwa. Hakuna anayeweza kushika atomu moja ya zinki na atomu moja ya salfa akazivuta hadi ziachane huku akisoma kipimo. Lakini anaweza kuyeyusha salfaidi ya zinki, akayeyusha zinki peke yake na salfa peke yake katika kiyeyushi kilekile, na kwa kutoa joto la upande mmoja kutoka la upande wa pili akajua kilichofungwa katikati.

Sharti la Hess ni fupi lakini gumu: mwanzo ujulikane, na mwisho ujulikane. Kwa salfa, mwisho ndio unaoponyoka. Kaboni ikiungua katika oksijeni nyingi hutoa kaboni dayoksaidi, na hesabu imefungwa. Salfa ikiungua hutoa salfa dayoksaidi, na sehemu yake huendelea kuwa trayoksaidi, ambayo ikikutana na unyevu huwa tindikali ya salfa. Tindikali hiyo hudondoka ovyo: ukutani huku ni nzito, kule ni nyepesi, na chini ya chombo ni kitu kingine kabisa. Tindikali ya salfa inapochanganyika na maji hutoa joto lake yenyewe, jambo ambalo kila mwanafunzi wa maabara huonywa kabla hajaishika. Kwa hiyo mtu anaweza kusoma kipimajoto hadi sehemu ya elfu kumi ya digrii na bado asijue amepima nini, maana hajui amefika wapi. Huko Lund, Sweden, Stig Sunner alilishughulikia tatizo hili katika miaka ya 1940, na baada yake watafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani kule Bartlesville, Oklahoma, ambao walikuwa na hamu ya kuijua salfa kwa sababu imejaa katika mafuta ya petroli. Dawa waliyoipata inaonekana ndogo. Ndani ya lile bomu, kama kinavyoitwa chungu kinene cha metali ambamo sampuli huunguzwa chini ya mgandamizo wa oksijeni, walitia maji kidogo, na baada ya mwako wakalizungusha bomu zima kichwa chini miguu juu, likijiviringisha pia kwenye mhimili wake, hadi maji yakaosha kila ukuta na tindikali yote ikawa ya ukali mmoja. Hewa kidogo waliiacha ndani kwa makusudi, kwa kuwa oksaidi za naitrojeni zinazotokana nayo huisukuma salfa yote ifike kwenye hatua ya juu. Kifungo kilikuwa kilekile siku zote. Kilichobadilika ni kwamba sasa mwisho wa safari ulikuwa na jina.

Salfaidi za metali zilidai ufundi mwingine tena, kwa sababu zikiunguzwa katika oksijeni huacha mchanganyiko wa oksaidi na salfeti ambao kuuchambua ni kazi ya wiki nzima. Katika maabara ya Argonne, karibu na Chicago, oksijeni iliwekwa kando na florini ikachukua nafasi yake. Florini ni gesi inayokula karibu kila kitu, na kuifungia ndani ya kalorimita si kazi ya mtu mwenye haraka. Lakini ina fadhila moja kubwa, kwamba salfa ikikutana nayo kwa wingi huishia kuwa heksafloraidi ya salfa, gesi tulivu yenye joto la uundaji linalojulikana vizuri, takriban kilojuli 1,220 kwa moli. Kwa njia hiyo zilipimwa salfaidi kama ile ya molibdeni, inayotiwa katika grisi nyeusi ya magari. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, Ole Kleppa, aliyezaliwa Norway, alifuata njia tofauti: alijenga kalorimita zinazofanya kazi katika joto la mamia ya digrii, na pamoja na wenzake akatumia uji wa nikeli na salfa ulioyeyuka kuwa kiyeyushi cha madini ya salfaidi, kama chumvi inavyoyeyuka katika maji. Nimezitaja njia hizi kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna jibu la pingamizi la kwanza, lile la anayesema kwamba namba inayotokana na kujumlisha na kutoa ni namba ya kutungwa. Namba ya kutungwa hutegemea mtungaji. Hizi hazimtegemei. Aliyepitia florini na aliyepitia uji wa nikeli hawakushirikiana hata hatua moja ya hesabu, na wanapofika kwenye joto moja la uundaji, ndani ya mipaka ya makosa waliyoitangaza mapema, ushahidi huo una uzito kuliko kipimo kimoja kilichorudiwa mara mia kwa njia ileile.

Sasa turudi kwenye fedha iliyotuacha na sare. Jedwali la kawaida huanza kuhesabu kutoka elementi katika hali yake ya kila siku: salfa kama jiwe la manjano, oksijeni kama gesi ambayo atomu zake mbilimbili zimeshikana. Lakini hali hizo si sawa. Kuing'oa atomu moja ya salfa kutoka kwenye jiwe lake kunagharimu kilojuli 277 kwa moli. Kuing'oa atomu moja ya oksijeni kutoka kwa mwenzake kunagharimu 249. Salfa imelipa zaidi kabla hata haijaigusa fedha, na jedwali halisemi neno kuhusu gharama hiyo. Tufungue basi daftari la pili, tuhesabu kutoka atomu zilizo huru kabisa. Fedha nayo hung'olewa, kilojuli 285 kwa kila moli. Kwa hesabu hii salfaidi ya fedha imeshikwa kwa kilojuli 880, na oksaidi kwa 850. Sare imevunjika: salfa inaishinda oksijeni kwa kilojuli 30. Ukiifanyia zebaki hesabu hiyohiyo utaona jambo linalofanana na hilo. Katika jedwali la kawaida oksaidi yake inaongoza kwa mbali, 91 dhidi ya 58 za zinjifuri, ile salfaidi nyekundu ambamo zebaki huchimbwa. Kutoka kwenye atomu huru ni 401 dhidi ya 397, yaani karibu sawa. Zinki haibadiliki hivyo. Inaipenda oksijeni katika madaftari yote mawili, kwa kilojuli 144 katika la kwanza na 117 katika la pili.

Lipo daftari la tatu, na hili ndilo la sandukuni. Hewani hakuna vipande vya salfa, wala atomu zake hazielei peke yake. Iliyopo ni gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, na inapoikuta fedha pamoja na oksijeni huacha salfaidi ya fedha na maji. Hesabu ya mmenyuko huo inatoa kilojuli 298 kwa kila moli ya salfaidi inayoundwa, dhidi ya zile 31 ambazo oksijeni ingezipata peke yake. Kwa maneno mengine, sandukuni oksijeni haijashindwa. Imelipwa kwa haidrojeni, ikaiacha salfa ichukue metali. Na katika daftari hili hata zinki inageuka: oksaidi ya zinki ikikutana na haidrojeni salfaidi hubadilishana nayo, ikawa salfaidi na maji, na kutoa kilojuli 121. Viwanda vya gesi hutumia mmenyuko huuhuu kusafisha salfa kutoka kwenye gesi asilia, kwa kuipitisha katika punje za oksaidi ya zinki. Kwa zebaki mabadilishano hayo hutoa 233, na kwa fedha 267. Madaftari matatu yametoa majibu matatu, na hakuna lililodanganya. Anayeuliza ni kifungo kipi chenye nguvu, kile cha salfa au cha oksijeni, bila kusema amesimama wapi, hajauliza swali linalojibika. Lakini angalia pia kilichobaki imara. Katika kila daftari, fedha na zebaki zinaegemea salfa kuliko zinki inavyoiegemea. Mpangilio wa metali hautikisiki hata pale tarakimu zinapobadilika, na hapo ndipo penye elimu ya kweli kuhusu metali zenyewe.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wakemia wenyewe. Wanasema: hata tukikubaliana kuhusu mwanzo, namba ya mwisho ni wastani, na wastani huenda usilingane na kifungo chochote kilichopo. Wana haki ya kusema hivyo. Maji yanatosha kuwa mfano. Kuing'oa haidrojeni ya kwanza kunagharimu takriban kilojuli 497 kwa moli, ya pili takriban 430. Wastani ni kama 463, na hakuna kifungo ndani ya maji kinachodai kiasi hicho. Katika misombo ya metali na salfa shida inaongezeka. Chukua dithiokabameti, ukoo wa misombo ambamo metali hushikwa na jozi za salfa; ndugu yake mmoja ni mancozeb, unga wa manjano wenye manganizi na zinki ambao wakulima wa viazi na nyanya wanaupuliza dhidi ya bakajani, kuanzia Lushoto hadi Kinangop. Ili kujua metali imeshikwaje katika ukoo huu, mpimaji huyeyusha msombo katika kalorimita ya mmumunyo, akaongeza joto la kuugeuza kuwa mvuke, kisha akafunga hesabu kwa kutumia nguvu ya kifungo cha salfa na haidrojeni katika tindikali mama ya ligandi, yaani ile sehemu ya msombo inayoishika metali. Tindikali hiyo haikai. Huvunjika upesi, na nguvu ya kifungo chake hukadiriwa tu kwa kuilinganisha na misombo ya jamaa. Basi namba inayochapishwa kuwa nguvu ya kifungo cha shaba na salfa imebeba ndani yake kisio, ambalo kisha limegawanywa kwa nne.

Sioni sababu ya kukana hayo. Naona tu kwamba wanaopinga wamesimama hatua moja kabla ya jibu. Kisio lile linahusu ligandi, halihusu metali. Mpimaji akifanya kazi hiyohiyo kwa nikeli, kwa shaba na kwa zinki, zote zikiwa na ligandi ileile na idadi ileile ya salfa, kisio linaingia katika kila hesabu kwa kiasi kilekile, na akitoa hesabu moja kutoka nyingine linafutika lote. Hatajua kwa uhakika shaba imeshikwa kwa kiasi gani. Atajua kwa uhakika imeizidi au imepungukiwa na nikeli kwa kiasi gani. Kwa mara nyingine tofauti inasimama mahali ambapo kiasi kamili kinayumba. Ningependa magazeti ya kisayansi yachapishe tofauti hizo kwanza na viasi kamili baadaye, maana msomaji mwenye haraka hulibeba lile la juu na kuliacha lile la chini, na kwa sasa la juu ndilo lenye kisio.

Pingamizi la tatu linaligusa joto lenyewe. Linasema joto si uthabiti, kwa sababu kifungo kinaweza kutoa joto dogo na bado kikadumu, ikiwa kuundwa kwake kunaziachilia molekuli za maji zilizokuwa zimebanwa. Hiyo ndiyo kazi ya entropia, na kalorimita ya bomu haina la kusema juu yake. Hili ni kweli kabisa pale metali inaposhikwa na salfa ndani ya protini. Zinki katika vidole vya protini vinavyoshika DNA hukamatwa na salfa za sisteini, mojawapo ya vipande vinavyojenga protini. Na metalothioneini, protini iliyotolewa katika figo la farasi na kutangazwa mwaka 1957 na Margoshes na Vallee, ina sisteini 20 zinazoweza kushika atomu saba za zinki au kadmiamu. Kwa protini za namna hii hutumika kalorimita ya kutitiria. Sindano hudondosha mmumunyo wa metali kwenye mmumunyo wa protini, tone baada ya tone, na chombo kinapima joto la kila tone, kiasi cha sehemu chache za milioni za juli tu. Kutoka kwenye umbo la mchoro mpimaji hupata joto na ushikaji kwa pamoja, hivyo entropia nayo inaonekana kwa kutoa.

Na hapa tena mazingira yanajiingiza katika namba. Sisteini inaposhika zinki huachia protoni, na protoni hiyo lazima ipokewe na bafa, chumvi inayotuliza uchachu wa mmumunyo. Bafa ya Tris hutoa kilojuli 47 kwa kila moli ya protoni inayoipokea. Bafa ya Pipes hutoa 11 tu. Protini moja na zinki moja, zikipimwa katika bafa hizi mbili na kuachia protoni mbili, zitaonekana kutofautiana kwa kilojuli 72, ilhali kifungo hakijaguswa. Anayechapisha joto bila kutaja bafa amechapisha joto la bafa yake. Wajuzi hupima katika bafa kadhaa, wakazichora kwenye mstari, na mwinamo wa mstari ukawapa idadi ya protoni zilizoachiwa. Kilichokuwa kero kimegeuka kuwa kipimo kipya, na sijui mfano mzuri kuliko huo wa faida ya kuuliza kuliko nini.

Kuna wanaosema leo kwamba ubishi wote huu umepitwa na wakati, kompyuta zinaweza kukokotoa nguvu ya kifungo chochote kabla chai haijapoa. Kwa molekuli ndogo za kaboni na haidrojeni, naam. Kwa metali za mpito zilizoshikana na salfa, zenye elektroni nyingi zinazokaribiana kwa nishati, mbinu zinazotumika kila siku hukosea kwa makumi ya kilojuli bila kutoa onyo, na kinachowaambia watu kwamba zimekosea ni kalorimita. Hata vipimo vyenyewe havijamaliza kazi. Pairaiti, salfaidi ya chuma inayong'aa kiasi cha kuwadanganya watafuta dhahabu, ina joto la uundaji la kilojuli 178 katika majedwali fulani na 171 katika mengine yanayoheshimika vilevile. Kwa anayechoma pairaiti, saba hizo si kitu. Moli moja ikiungua yote hutoa zaidi ya kilojuli 800, na vijidudu vikiila polepole joto ni lingi vilevile. Ndiyo maana huko Kasese, Uganda, pale rundo la pairaiti yenye kobalti lililoachwa na mgodi wa Kilembe lilipotiwa kwenye matangi ya bakteria ili kobalti ipatikane, matangi hayo yalibidi kupozwa. Lakini kwa anayeuliza metali itabaki kwenye jiwe au itaingia mtoni, kilojuli saba katika nyuzi 25 za selsiasi hubadilisha kigezo cha msawazo karibu mara 17. Kosa lilelile ni dogo kwa mmoja na kubwa kwa mwingine, na aliyeliita dogo alipaswa kusema ni dogo kwa nani.

Zebaki inalileta swali hili ndani ya mwili wa mtu. Katika miaka ya 1830 Zeise, mkemia wa Copenhagen, aliipa misombo yenye salfa na haidrojeni jina la mercaptan, kwa Kilatini lenye maana ya mkamata zebaki, kwa sababu aliona jinsi inavyoing'ang'ania. Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, Chunya na Migori zebaki huchanganywa na mchanga wa dhahabu kisha huchomwa, na mvuke unaovutwa hufika kwenye salfa za protini za figo na ubongo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watafiti wa Oxford, chini ya Rudolph Peters, walitengeneza dimercaprol dhidi ya gesi ya sumu yenye aseniki, wakiweka salfa mbili jirani ili ziikamate sumu kwa pamoja. Baadaye dawa hiyo ikatumika pia dhidi ya zebaki. Kwa kuitazama nguvu ya kifungo peke yake mtu angesema tatizo limekwisha. Lakini zebaki ya kimethili, ile iliyowaangamiza watu wa Minamata ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956, haitibiwi kwa dimercaprol, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuihamishia sumu ubongoni. Kifungo kati ya zebaki na salfa ni miongoni mwa vifungo imara kuliko vyote katika maji ya mwili, na bado zebaki huruka kutoka salfa moja hadi nyingine kwa wepesi, maana kila seli imejaa glutathioni na salfa zake, na kila mkamataji ana jirani anayefanana naye. Mabadilishano ya salfa kwa salfa hutoa joto dogo sana, karibu na sifuri, kwa kuwa kinachovunjika na kinachoundwa ni vya aina moja. Dawa inayofaa ni ile itakayoishinda glutathioni kwa tofauti hiyo ndogo na kisha kutoka na mzigo wake kwenye mkojo. Tofauti hiyo haimo katika jedwali lolote linaloanza kuhesabu kutoka salfa ya manjano na zebaki tupu. Hutafutwa tone kwa tone, thioli moja, yaani mmoja wa hao wakamata zebaki wa Zeise, ikishindanishwa na nyingine katika chumba kidogo kuliko kijiko cha chai.